Hadithi yangu inasomwa, mbona hakuna anayesema neno?

Swali la msomaji: Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Morogoro. Tangu Machi naandika hadithi za mashabiki, yaani za kubuni kwa kutumia wahusika wa kazi ya mtu mwingine, kuhusu tamthilia moja ya Kikorea ya mambo ya hospitali. Nimeweka sura nne kwa Kiingereza kwenye tovuti ya hadithi hizo, Archive of Our Own, yaani AO3, na simulizi fupi moja ya Kiswahili hapo hapo. Ile ndefu imefunguliwa mara 412, ina kudos (alama za kupenda) 19 na maoni mawili tu. Ya kwanza yanauliza sura ya tano inatoka lini. Ya pili yananisifia sana na kuniomba tuhamie Discord, programu ya kuchati, ili anichoree katuni ya hadithi yangu. Nimezoea makundi ya simulizi ya Facebook, ambako ukiandika "itaendelea" komenti zinafurika. Huku kimya. Nakosea wapi, na watu wanapataje marafiki humu?

Jibu: Mdogo wangu, tuanze na huyo wa katuni, maana ndiye anayeweza kukutoa pesa. Usimjibu. Utapeli huu umeenea sana AO3 miaka ya karibuni na unakwenda kwa mtindo mmoja: sifa tele, hakuna tukio hata moja la hadithi linalotajwa sawasawa, kisha ombi la kuhamia Discord au Instagram "tuongee vizuri". Mkishahamia unaletewa bei, unatakiwa ulipe kwanza, na picha ama haiji ama inakuja ya kuokoteza. Kipimo ni rahisi: je, maoni hayo yangeweza kubandikwa chini ya hadithi ya mtu mwingine bila kubadili neno? Siku hizi wengine huchomeka majina ya wahusika waliyoyaona kwenye tagi zako (lebo za kutafutia hadithi), kwa hiyo jina peke yake si ushahidi kwamba mtu amesoma. Kama aliandika akiwa mgeni asiye na akaunti, chini ya maoni yake kuna kitufe cha Spam; kibofye. Kama ana akaunti, mripoti kwa kamati ya Policy & Abuse kwa fomu ambayo kiungo chake kiko chini ya kila ukurasa, ukiambatisha kiungo cha maoni yenyewe. Usiyafute kabla hujaripoti. Shabiki anayechora kwa mapenzi yake huja na tukio mahususi lililomgusa, huomba ruhusa, na hana orodha ya bei.

Sasa hesabu zako. Mara 412 si watu 412. Msomaji aliyerudi wiki nyingine kwa ajili ya sura mpya anahesabiwa tena, ilhali kudos anaruhusiwa kutoa moja tu kwa hadithi nzima, iwe na sura nne au arobaini. Kwa hadithi iliyotoka kwa vipande kama yako, wasomaji halisi wanaweza kuwa mia na kidogo. Kumi na tisa kati ya hao si haba hata kidogo. Fungua pia ukurasa wako wa Statistics uangalie waliojiandikisha kupata arifa kila unapoongeza sura. Idadi hiyo wageni hawaioni, na kwa hadithi ambayo haijaisha mimi naithamini kuliko kudos, kwa sababu mtu hajiandikishi kwa adabu. Anajiandikisha kwa kuwa anataka kujua kitakachofuata. Halafu wapo wanaopakua. AO3 inatoa kila hadithi kwa EPUB, MOBI, AZW3, PDF na HTML, na mwenye bando la kubana hupakua penye waifai akasomea kwenye daladala. Anapofika mwisho moyo umejaa, ila mtandao haupo.

Kwa hiyo hujakosea kama unavyodhani. Kilichobadilika ni desturi ya mahali. Kwenye makundi ya simulizi komenti ni sarafu: mwandishi anakata pale penye utamu, anaandika "komenti mia ndiyo tuendelee", na wengine humalizia kwa namba ya kutumia pesa ili mtu apewe sehemu zote WhatsApp. Ukizisoma hizo komenti, nyingi ni "next", "nitag", "shusha vitu". Ukileta mtindo huo AO3 utaonekana umeishika hadithi mateka, na watu watafunga ukurasa kimyakimya. Huku hadithi ni zawadi na maoni nayo ni zawadi. Moja hainunui nyingine.

Desturi hii ina umri. Mwaka 1967 mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya safari za anga, huko Marekani walitoa jarida lao, Spockanalia, na baada yake yakafuata mengine mengi, yakiuzwa kwa bei ya kurudisha gharama za uchapaji na posta. Mwandishi halipwi, alichopata ni barua za wasomaji, na majarida mengi yalizichapisha katika toleo lililofuata, watu wakajibizana humo. Tovuti ya hadithi FanFiction.Net ilifunguliwa 1998, LiveJournal ya shajara za mtandaoni 1999, na maongezi yakahamia mtandaoni. Mwaka 2007 kampuni moja ilijaribu kufanya biashara kwa hadithi za mashabiki, na mwaka huo huo LiveJournal ikafunga mamia ya akaunti na jamii kwa mkupuo. Mashabiki wakaanzisha shirika lao lisilo la faida, Organization for Transformative Works, na AO3 ikafunguliwa kwa umma Novemba 2009. Haina matangazo, na wanaoiendesha wanajitolea. Ndiyo maana hapo hakuna mashine ya kumsukumia mtu hadithi yako kama zilivyo kurasa za Facebook. Msomaji huja kwa kutafuta mwenyewe au kwa kukujua.

Anayefuata malumbano ya washairi wetu magazetini anauelewa mfumo huu mara moja: anayetuma beti zake kila wiki bila kumjibu mtu hata mmoja, naye hajibiwi. Fandomu, yaani jamii ya mashabiki wa kazi moja, inaongea na inaowafahamu, na kufahamika kunaanzia chini ya hadithi za wengine. Hilo ndilo jibu langu kwako, na ndilo nitakalolikalia zaidi.

Fanya hivi. Ingia kwenye tagi ya tamthilia yako, panga kwa tarehe ya kuongezwa, uchague waandishi watano au sita walio wa ukubwa wako: kudos chini ya mia, sura mpya ndani ya mwezi huu, na jozi ya wahusika unayoipenda kweli. Usianze na mwandishi mwenye maoni elfu mbili. Huyo hawezi kukukumbuka hata akitaka. Kwa wiki nne, kila sura uliyoisoma ukaipenda, iachie maoni. Si kila uliyoisoma, uliyoipenda. Watu wananusa maoni ya kutafuta fadhila.

Maoni mazuri yanaandikwaje? Tuseme umesoma sura ambayo daktari mkali, usiku wa zamu, anamenya chungwa na kumpa muuguzi. Maoni ya kawaida ni "Tamu sana, endelea!" Si mabaya, na mwandishi atayafurahia. Ila hana la kujibu zaidi ya asante, na kesho amesahau nani aliyaandika. Sasa haya:

"Alipomenya lile chungwa akampa vipande vyote, nilirudi sura ya kwanza kuhakikisha. Si ndiye aliyesema hagawi chakula kwa sababu kwao walizaliwa saba? Na hakuna hata mmoja wao anayelisemea hilo chungwa! Yale maganda kubaki kwenye mfuko wa koti hadi asubuhi yameniua. Asante kwa sura hii."

Hizo ni sentensi tano. Zimetaja mahali penyewe, zimeunganisha sura mbili, zimeonyesha msomaji alichohisi, na haziombi kitu. Mwandishi aliyelipanda lile chungwa kwa makusudi atajibu, kwa sababu hatimaye kuna mtu ameliona. Hapo maongezi yameanza. Nafasi ni herufi 10,000, lakini hata sentensi mbili za namna hii zinazidi aya tatu za sifa za jumla. Ujanja wa kuzipata ni kusoma huku unanakili kwenye notisi za simu kila mstari uliokusimamisha. Ukifika mwisho maoni yako yameshajiandika nusu. Kiingereza chako kisikutie hofu. Hakuna anayesahihisha maoni, na waandishi wengi wa fandomu za Kikorea nao Kiingereza ni lugha yao ya pili au ya tatu.

Yapo yanayoharibu. Kuuliza sura inayofuata ni lini, hata kwa upole, humfikia mwandishi kama anadaiwa. Kusifia kwa kuponda, mfano "afadhali yako kuliko zile takataka za jozi nyingine", kunamwingiza mwandishi kwenye ugomvi asioutaka. Kukosoa bila kuombwa hakupendwi AO3 siku hizi, ingawa kwenye FanFiction.Net ya zamani lilikuwa jambo la kawaida. Subiri mpaka uone mwandishi ameandika kwenye maelezo yake kwamba anakaribisha ukosoaji. Na kubwa kuliko yote: usiweke kiungo cha hadithi yako kwenye maoni ya mwenzio. Jina lako lenyewe tayari ni kiungo. Akikupenda atalibofya.

Ndani ya wiki hizo nne hadithi yako nayo iwe tayari kupokea wageni, maana watakuja kuchungulia. Kinachowafukuza zaidi ni tagi.

Nianze na lile kosa baya. AO3 inakulazimisha uchague onyo: ukatili unaoelezwa waziwazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, au ngono inayohusisha walio chini ya umri. Juu ya hayo kuna machaguo mawili ambayo wageni huyachanganya. "No Archive Warnings Apply" ni ahadi: hakuna hata kimoja kati ya hivyo humu. "Creator Chose Not To Use Archive Warnings" maana yake ni kwamba huenda kimo, huenda hakimo, msomaji aingie kwa hiari yake. Mwandishi anayetaka kumuua mhusika mkuu sura ya kumi na hataki kufichua, achague hili la pili. Akichagua la kwanza amevunja kanuni, na mbaya zaidi amemvunjia imani msomaji aliyemwamini, ambaye hatarudi na atawaambia wenzake. Tamthilia yako ni ya hospitali, wagonjwa wanakufa. Jiulize mapema anayekufa ni nani.

Jozi ya wahusika ina alama mbili. Mkwaju, yaani "/", ni wa mapenzi. "&" ni ya urafiki, undugu au kazi. Kuna wanaoweka zote mbili kwa watu wale wale ili waonekane kwenye utafutaji mwingi. Matokeo yake ni kwamba aliyetaka urafiki anakuta busu sura ya pili, anaondoka. Jozi kuu itangulie. Wale wanaoonekana kwa mistari mitatu kwenye korido ya hospitali usiwatagi kabisa. Anayewapenda atapekua sura zote nne akiwatafuta, na hasira yake itakuwa ya haki. Unapoanza kuandika tagi, orodha inashuka. Chagua iliyomo kwenye orodha badala ya kubuni tahajia yako, ili hadithi iingie kwenye vichujio mara moja. Kuna watu wanaojitolea kuunganisha tagi zinazofanana, lakini fandomu ndogo inaweza kusubiri. Mwisho wa tagi ni 75. Kumi hadi kumi na tano zinatosha hadithi yoyote ninayoweza kuifikiria.

Muhtasari una nafasi ya herufi 1,250, nawe unahitaji sentensi tatu: nani, anataka nini, nini kimemzuia. Futa kabisa "sijui kuandika muhtasari" na "hadithi ni nzuri kuliko maelezo haya". Msomaji anakuamini, anapita.

Usiandikie ndani ya AO3. Rasimu ya hadithi mpya hufutwa yenyewe baada ya mwezi, na watu wamelia. Andika kwenye Google Docs au programu yoyote ya simu, kisha unakili. Sura ikikaa kama rasimu kwa siku kadhaa, kabla ya kuichapisha angalia sehemu ya tarehe na uweke ya leo, vinginevyo inaweza kuorodheshwa kwa tarehe ya zamani ikazama ukurasa wa tatu kabla mtu hajaiona. Baada ya kuchapisha, fungua hadithi ukiwa umetoka kwenye akaunti, kwenye simu, uone kama aya zimeachana vizuri. Aya zilizoshikana hazisomeki kwenye kioo kidogo.

Mwisho wa sura kuna sehemu ya maelezo ya mwandishi. "Naomba maoni" haimpi msomaji pa kuanzia. Uliza jambo moja la kweli kutoka ndani ya sura: "Mnadhani aliiona ile barua mezani au aliipita?" Msomaji mwenye haya, ambaye hajui aseme nini, umempa la kusema. Usifanye hivyo kila sura, na usiulize jambo ambalo jibu lake hulijali.

Maoni yakija, jibu ndani ya siku chache, kwa urefu unaolingana na yao. Usifichue yajayo hata ukibembelezwa. Huyo aliyeuliza sura ya tano ni lini, mchukulie kwa wema: kwake hilo ndilo neno la mapenzi analolijua. Mjibu, "Asante kwa kusubiri, bado naiandika," basi. Usitaje tarehe kama huna sura mkononi. Tarehe ikipita, wewe utaona aibu kurudi, na hadithi nyingi zimefia hapo.

Nje ya AO3, maongezi ya kila siku ya fandomu yako Tumblr, mtandao wa blogu, na kwenye seva za Discord, yaani makundi yake. Seva nyingi zina chumba cha kujitambulisha, chumba cha sheria na chumba maalumu cha kutangaza kazi zako. Soma sheria, jitambulishe kwa lakabu yako, kisha kaa wiki moja ukichangia maongezi ya tamthilia yenyewe kabla ya kuweka kiungo. Tafuta mahali wanapoandika pamoja kwa muda uliopangwa, dakika 15 au 20, kila mtu anaandika kivyake kisha wanataja idadi ya maneno. Ni mazoea mepesi yanayojenga urafiki haraka kuliko kupiga soga, kwa sababu mnaonana kila jioni na kila mtu ana la kueleza.

Humo ndimo utakapompata beta, msomaji wa kwanza anayepitia sura kabla haijatoka. Ukiomba, toa mambo matano kwa pamoja: idadi ya maneno, daraja la umri, jozi, unachotaka akiangalie, na siku unayohitaji. "Nani anaweza kunisomea?" haijibiwi, kwa sababu hakuna anayejua anakubali maneno 800 au 80,000, hadithi safi au yenye ngono. Jaribuni kwanza na maneno elfu moja, kwenye Google Docs iliyowekwa hali ya mapendekezo ili masahihisho yake yaonekane bila kufuta yako. Anayekurekebisha sarufi si lazima awe anayekuambia kwamba sura ya tatu inakokota. Wawili wanaweza kugawana. Mtaje kwenye maelezo, kama mwenyewe ameridhia. Na kama anakupa kazi ya saa tatu, soma yake.

Kama ungeniuliza njia moja ya mkato ninayoiamini, ni mabadilishano ya zawadi. Mwandalizi anafungua usajili. Kila mtu anaorodhesha fandomu anazoweza kuandikia na anazoomba kuandikiwa, pamoja na mambo asiyoyataka kabisa. Washiriki wanapangiwa, wewe unamwandikia mtu mmoja, na mwingine anakuandikia wewe. Yanayojulikana zaidi ni Yuletide, yaliyoanza 2003 kwa ajili ya fandomu ndogo: kiwango cha chini ni maneno 1,000, hadithi hufunguliwa 25 Desemba na majina ya waandishi hufichuliwa 1 Januari. Fandomu kubwa zina ya kwao, mengine madogo ya watu ishirini. Uzuri wake ni kwamba msomaji wako mmoja amehakikishwa, na desturi inamtaka akushukuru kwa maoni. Mambo yanapoharibika huwa ni pawili. Mtu anaahidi fandomu ambayo hajaitazama, akidhani hatapangiwa, anapangiwa. Au anakwama na kunyamaza mpaka siku ya mwisho. Ukiona huwezi, jitoe mapema kwa kumwandikia mwandalizi, apate muda wa kumtafuta mwandishi wa dharura. Kujitoa mapema hakukuharibii jina. Kutoweka kunaharibu. Na ile orodha ya asiyoyataka isome mara mbili: zawadi nzuri kiasi gani, ikiwa na kitu kimoja cha humo, imemuumiza aliyepewa.

Ugomvi utakukuta, hasa wa jozi dhidi ya jozi. Zana unazo. Unaweza kuweka maoni yapitie kwako kabla hayajaonekana, kuruhusu wenye akaunti tu, kugandisha mfululizo wa majibizano usiongezwe neno, kufuta, na kumzuia mtu asiweze kutoa maoni kwenye kazi zako. Kumzuia hakumfanyi asione hadithi zako. Ili wageni wasizione kabisa, zifungie wenye akaunti. Ninachokusihi ni usipige picha maoni mabaya ukayapeleka Discord ili wenzako wakamvamie. Leo wamekutetea, mwezi ujao jeshi hilo hilo linageuka, na fandomu nyingi ndogo zimevunjika hivyo.

Kuhusu pesa niwe wazi, kwa kuwa umetoka kwenye simulizi za kulipia. AO3 hairuhusi biashara: si viungo vya kuchangiwa kama Patreon na Ko-fi, si namba ya M-Pesa kwenye maelezo, si "sehemu zote zipo WhatsApp". Wahusika ni mali ya waliotengeneza tamthilia. Hoja kubwa ya kisheria inayozilinda hadithi hizi Marekani, ile ya matumizi ya haki, inapata nguvu zaidi pale ambapo hakuna anayezichuma pesa. Mwandishi mmoja anayeuza anawaweka wote hatarini, na ndiyo maana hata marafiki zako watakuripoti. Ukitaka kuuza, andika simulizi ya wahusika wako mwenyewe, ukaiuze unakotaka.

Tumia lakabu isiyofanana na jina lako la Instagram, na usitaje chuo wala kazini. AO3 inaruhusu lakabu kadhaa ndani ya akaunti moja, lakini zinaonekana kuwa za mtu mmoja. Anayetaka kutengana kabisa aweke kazi kwenye mkusanyo wa wasiojulikana au afungue akaunti nyingine. Na usiwatumie waigizaji hadithi wala kuwatagi.

Limebaki la Kiswahili, ambalo kwangu ndilo lenye matumaini zaidi kwenye barua yako. Orodha ya lugha za AO3 ina Kiswahili. Angalia ile simulizi yako fupi: kama uliiacha ikiwa imeandikwa "English", wanaochuja kwa Kiswahili hawaioni na wanaosoma Kiingereza wanaifungua na kutoka. Ibadilishe leo. Muhtasari uandike kwa Kiswahili, na mwishoni ongeza sentensi moja ya Kiingereza inayosema hadithi ni ya lugha gani na inahusu nini. Wasomaji watakuwa wachache, lakini wachache hao wamekutafuta kwa jina la lugha yao, na ni nadra waondoke bila kusema neno.

Kisha fikiria kutafsiri. Mwandishi anayeambiwa kuna mtu anataka hadithi yake isomeke kwa Kiswahili hulichukua kama heshima kubwa, na urafiki wa namna hiyo hudumu. Angalia kwanza wasifu wake. Wengi wameandika humo kama wanaruhusu tafsiri kwa wote au la. Kama hakuna neno, omba kwa maoni mafupi chini ya hadithi yenyewe: wewe ni nani, lugha gani, utaiweka wapi, na kwamba jina lake na kiungo cha asili vitakuwepo. Akikubali, unapochapisha weka alama kwenye sehemu inayosema kazi hii imetokana na nyingine, bandika kiungo cha asili na ubainishe kuwa ni tafsiri. Mfumo utamjulisha, naye akiridhia tafsiri yako itaonekana kwenye ukurasa wake, mbele ya wasomaji wake wote. Anza na yenye maneno elfu moja au mbili. Asipokujibu, kimya chake si ruhusa. Nenda kwa mwingine ambaye wasifu wake unaruhusu waziwazi.